Godoro la Djaanfar

"Watu wakitoka Nosy Be huleta manukato," alisema Fahardine, akitua kikapu mlangoni kwa Ansoifa, mjane wa binamu yake Djaanfar. "Mimi, shemeji, umenibebesha takataka!"

Kikapuni mlikuwa na konzi moja ya makapi ya miwa yaliyooza, yametandwa nyuzi nyeupe. Ndiyo mbegu ya uyoga, na ndiyo ya mwisho, kwani jaa la makapi kule kisiwani lilikuwa limechomwa moto. Konzi ya kwanza Ansoifa aliipanda kwenye mabua ya mpunga bila kuyachemsha. Yalioza yakanuka, mtaa mzima wa Ampisikina ukafunga madirisha.

"Mpanda ovyo hula ovyo," Fahardine alimtania. "Safari hii chemsha."

Chumbani alilala Kouraichia, mama mkwe wake. Tangu wamzike Djaanfar, mwanawe wa pekee, bibi huyo alikataa chakula. Kitu kimoja tu alikitamani: uyoga wa kwao Marodoka, huko Nosy Be, uliopikwa kwa nazi. Ansoifa alimwona anavyokwisha, akaogopa. Mume alishampoteza; huyu naye hakuwa tayari kumpoteza.

Ansoifa alikuwa mshona magodoro. Alijua kuwa sufi ikilowa huota uyoga. Lakini msimu wa sufi ulikuwa bado, na sufi ya wateja ni ya wateja. Iliyobaki ni ya godoro la Djaanfar, ambalo desturi ilitaka litolewe sadaka, naye akalikatalia. Upande wa ukutani lilikuwa bado na bonde la bega lake.

Alilala humo kwa mara ya mwisho. Asubuhi akapiga moyo konde, akafumua mishono aliyoishona mwenyewe mwaka ule wa uhuru, walipooana. Alichemsha sufi, akaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu, akaichanganya na ile konzi na kuifunika gunia uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe. Alilia kwa sauti, hakujali nani anasikia.

Uyoga ulipotoka ulikuwa wa kijivu, mdogo kama mayai ya njiwa. Kouraichia alionja mchuzi, kisha akala. Alikula kweli.

"Umeuotesha wapi?"

Ansoifa angeweza kudanganya. "Kwenye sufi ya godoro la Djaanfar, Mama, hapo uvunguni mwako. Nilikosa nyingine."

Kijiko kilisimama hewani.

"Kwa hiyo unalala mkekani."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe pia huli. Unadhani sioni?" Bibi alisogeza sahani katikati yao. "Kula, mwanangu. Usiniache peke yangu."

Walikula wote wawili, wakifuta sahani kwa vidole.

Alasiri, Ansoifa akiwa uani, alisikia kitanda kikilia. Alikimbilia ndani. Kouraichia, aliyekuwa akibebwa hata kwenda msalani, alikuwa amechuchumaa sakafuni, mkono mmoja ukutani. Aliinua pembe ya gunia polepole, kama mtu anayemchungulia mtoto aliyelala. Alinyunyiza maji kwa ncha za vidole, akalirudisha gunia na kulichomeka pembeni, upande huu na huu, ili baridi isiingie.