Nusu Kichwa, Saa ya Kula

Asubuhi moja mwenye saluni aliwakusanya vinyozi wake na kuwagawia karatasi. Atakayekubali kuiacha saa yake ya kula atie sahihi, naye ataruhusiwa kutoka mapema.

"Ni hiari," alisema, huku ameuziba mlango kwa kifua. "Siku ukichoka unaniambia tu, naichana."

Dada Wembe, aliyepewa jina hilo kwa wepesi wa mkono na ukali wa ulimi, alitia sahihi kama wenzake. Angepita wapi? Tangu hapo akawa anakula wima: tonge moja, kidevu kimoja. Mteja mmoja alifika kwake nyumbani, mkewe akamtoa punje ya wali sikioni. Na kule kutoka mapema hawakukuona hata kwa darubini.

Ijumaa moja, mchana, bosi aliingia mbiombio. Jioni alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni, akataka kipara kinachong'aa. Akajitupa kwenye kiti cha Wembe, akafungwa kitambaa shingoni. Mashine ikafyeka upande wa kushoto. Ilipofika utosini, tumbo la Wembe likanguruma kuishinda. Akaizima.

"Vipi, umeme umekatika?"

"Umeme upo, bosi. Niliyekatika ni mimi. Nimechoka, ile karatasi naomba uichane."

"Sasa hivi?"

"Si ulisema siku nikichoka? Basi ndiyo leo."

Bosi akamgeukia kinyozi mzee wa kiti cha pili. "Mzee wangu, nimalizie wewe."

Mzee alikuwa keshafunua bakuli lake. "Uchovu huu unaambukiza, mwanangu."

Bosi akajitazama kwenye kioo: huku bwana harusi, kule mfungwa aliyetoroka. Nje, barabara imejaa watu. Atokee wapi na kichwa kile?

Wembe akaketi. Akatafuna taratibu, akisikia magoti yake yakimshukuru. Alikusudia kumtesa mpaka saa iishe, lakini alipomwona akimeza mate, roho ikamlainika. Akamsogezea bakuli.

"Karibu, bosi. Ila ukila na sisi, uko mapumzikoni."

Bosi akachomoa mkono chini ya kitambaa, akala nao. Baadaye akanyolewa, akachana karatasi zote, akaenda ukweni akimetameta.

Siku hizi mchana saluni hufungwa, watu wakala wameketi. Bosi naye hunyolewa asubuhi na mapema, kabla mtu yeyote hajasikia njaa.