Chupa Inayotokota

Bibi yake mtoto alianza kuilalamikia ile chupa tangu asubuhi. Mjukuu wake wa miezi mitatu, kifua kimembana, alikuwa anapata hewa kwa vimpira viwili puani, na mwisho wa pili wa bomba la mashine ya hewa ulizama kwenye chupa ya maji kando ya kitanda. Maji yalitokota kwa mapovu ya hewa bila kupumzika.

"Muuguzi, hilo birika lako litanyamaza lini? Mtoto atalalaje?"

Nilikuwa nimeshajibu mara nne, na mimi si mtu wa subira. "Bibi, maji yakitokota, ujue hewa inamfikia na mapafu hayanywei. Ukiniuliza tena utasubiri nje kwenye benchi."

Akanuna. Nikaenda kitanda cha tatu kubadilisha dripu.

"Muuguzi," akaita, taratibu tu. "Birika limenyamaza."

Nina miaka kumi na moja katika wodi hii. Masikio yangu yameizoea ile sauti mpaka hayakugundua kwamba imekatika. Nilipogeuka, mtoto alikuwa amepindua kichwa, vimpira vimechomoka, mbavu zinabonyea kwa kila pumzi. Nikavirudisha, nikabandika utepe upya. Maji yakaanza tena kutokota.

Kuomba radhi sikujui vizuri. Nikavuta kiti changu cha mezani, nikakiweka karibu na chupa.

"Kaa hapa, bibi. Ukichoka kusikiliza, niite nikupokee."

Akakaa, akajifunga khanga vizuri. "Nenda kwa wagonjwa wako," akasema. "Hapa kuna mtu."