Mkono wa Kavumbi

Dzombo alikuwa fundi, lakini fundi wa twiga. Mchana kutwa, kwenye kibanda cha wachongaji mjini Malindi, alichonga twiga, vifaru na vichwa vya Wamasai ambao hakupata kuwaona. Alivipiga msasa, akavipaka dawa ya viatu, na watalii wakavinunua. Kazi hiyo ilimlisha, na ilimkera. Alijua kuwa akifa leo, hakuna atakayeokota kinyago chochote na kusema huu ni mkono wa Dzombo.

Ndipo alipovikumbuka vigango vya kwao, nguzo za mti zenye umbo la mtu zinazosimikwa kwa ajili ya marehemu. Vilikuwa vitatu, vimesimama kwenye mahame ng'ambo ya mto Sabaki, mahali ukoo ulipoishi kabla ya kuhamia karibu na barabara: cha baba wa babu, cha babu, na cha baba yake, aliyekufa Dzombo angali akibebwa mgongoni. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Walio hai huhama, marehemu hubaki, na pori humfunika. Cha baba kilichongwa na mzee Kavumbi, na Kavumbi naye alikufa bila kumwachia mtu yeyote kazi yake.

Basi mwaka wa themanini na nne, ule wa ukame, Dzombo akaanza kwenda mahameni kila alipopata nafasi. Hakuwa na mtu wa kumfundisha, ikabidi vigango vyenyewe vimfundishe. Alipiga magoti mbele ya cha baba, akapitisha kidole kwenye safu za pembetatu zilizochongwa kifuani, akagundua kuwa kila moja ilikatwa kwa mapigo matatu tu, na hakuna pigo lililorudiwa. Akagundua kuwa ncha zote zilifuata nyuzi za mti, na ndiyo maana kile cha baba wa babu kilikuwa kimepasuka kote isipokuwa penye nakshi. Akaona pia kuwa mti ulichongwa ungali mbichi. Akirudi nyumbani alijaribu kwenye gogo la mhuhu, akakosea, akaenda tena kutazama. Siku alipomaliza safu nzima bila kurudia pigo alicheka peke yake kama mwehu. Hakuwa amepata kufurahi vile maishani.

Tatizo lilikuwa pori. Mimea ya kutambaa ilificha nusu ya nakshi, na kivuli kilimzuia kuona kina cha mikato. Dzombo akachukua panga akafyeka nyasi, akafyeka vichaka, akaung'oa hata ule mkwamba mkubwa uliokuwa umeziba upande wa njia ya ng'ombe. Alipomaliza, jua lilivipiga vigango ubavuni na kila mkato ukajionyesha. Akajipongeza, maskini, akidhani amefanya jambo la maana. Sasa hata mpita njia aliweza kuviona.

Na vikaonekana. Alipokwenda tena alikuta mashimo mawili, na kisiki cha kile cha baba wa babu, ambacho mchwa walikuwa wamekila chini na kikakatikia ardhini kilipovutwa. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kigango cha baba kilikuwa kimekanyagwa udongoni. Wizi huo haukuwa siri siku zile. Wageni walivipenda vigango, na wenye maduka ya vinyago walikuwa tayari kununua bila kuuliza vimetoka wapi. Dzombo aliizunguka Malindi duka kwa duka. Mwenye duka mmoja alimwambia bila haya kuwa cha namna hiyo kilikuwapo lakini kimeshapanda ndege, na kama anavyo vingine avilete.

Mama yake, Kadii, aliacha kula. Alisema mumewe humjia ndotoni, amesimama juani, akiuliza apumzike wapi. Koma, yaani roho ya marehemu, akikosa pahali pake huwasumbua walio hai. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na kila mtu alimjua aliyefyeka. Hakuna aliyemtukana Dzombo. Walimwamkia, wakapita, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

Akaona njia moja tu: achonge kingine. Nani mwingine aliyekuwa na mkono wa Kavumbi? Alikata mhuhu mbichi, akaacha kwenda kibandani, akachonga mpaka viganja vikatoa damu. Kilipokwisha, mikato ilikuwa ile ile, pigo kwa pigo. Alikuwa na hakika kuwa sasa mama atakula, atalala, atapona.

Mzee Mwambire, mkubwa wa Gohu, chama cha wazee kinachosimika vigango, alikuja na wenzake. Walikizunguka. Mwambire alipitisha kidole gumba kwenye nakshi, akakiri kuwa tangu Kavumbi azikwe hajaona kazi kama hii. Moyo wa Dzombo ukainuka. Kisha mzee akauliza ni cha nani.

“Ni cha baba,” akasema Dzombo.

“Baba yako alishasimikwa, na mtu hasimikwi mara mbili, mwanangu. Huko alikopelekwa ndiko aliko. Hiki ni mti tu.”

Wakanywa tembo walilowekewa, wakaaga. Dzombo aliwafuata hadi njiani akiwasihi. Mwambire alimshika bega akamwambia hana la kumfanyia, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli.

Aliporudi, Kadii alikuwa amejikongoja hadi mlangoni, akikitazama kile kigango kipya. Hakuwa na hasira. Alimuuliza amejifunzaje kazi ngumu namna hiyo. Dzombo akaanza kumweleza, kwanza kwa unyonge, kisha kwa bidii: mapigo matatu, nyuzi za mti, ubichi wa mti. Akajikuta anapiga magoti kumwonyesha kwa kidole, na ile furaha ya mahameni ikamrudia kidogo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mwaka mzima ulikuwa ukienda pale,” akasema. “Ulimwamkia babako hata siku moja?”

Dzombo alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kila mkato, kina chake na upande ulikoelekea. Salamu hakuikumbuka hata moja, kwa kuwa hakuitoa.