Tundu Chini ya Bawa

Nililisikia tundu lile kabla sijaliona. Nilikuwa nimelala chali chini ya bawa la ndege, maji ya sabuni yamenitiririkia mpaka kwapani, na kiraka nilichobandika kwenye mpira wa bawa kilikuwa kimeshika sawasawa. Hakuna hata kiputo kimoja kilichotokeza. Lakini bado kulikuwa na kitu kinapumua. Sss, kwa mbali, ndani kwa ndani. Nikafungua kifuniko kidogo cha chini ya bawa, nikaingiza mkono, nikapapasa bomba la hewa mpaka pale linapopinda kwenda chini. Kidole changu kikapigwa na upepo mwembamba.

"Aha, nimekupata," nililiambia.

Lazima nikiri kwamba siku zile nilikuwa na kichwa kikubwa. Nilitoka kwenye pancha. Miaka tisa nilikaa na baba yangu kibandani, tukiziba tairi za malori, za baiskeli, hata za viti vya wagonjwa, na masikio yangu yalikuwa yakitofautisha pancha ya msumari na ya mwiba kabla gari halijasimama. Karakana ya ndege ilinichukua kwa majaribio ya miezi sita, kazi yangu magurudumu tu. Halafu nikagundua kwamba ndege zile ndogo zina mpira mahali pengine: kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, nao nikaachiwa niuzibe.

Mafundi waliuita buti. Siku ya kwanza kuliona likifanya kazi nilisahau kula. Mpira mweusi umelala bapa juu ya bawa, kimya. Mtu anabonyeza swichi, hewa inaingia, mpira unavimba mistari mistari, kisha unanywea tena. "Ya nini sasa hii?" niliuliza. Nikaambiwa ni ya barafu. Jamani, barafu! Sisi tuliokuwa tukitokwa na jasho hata asubuhi! Lakini huko juu ya milima, ndani ya mawingu, matone yanagonga bawa na kuganda papo hapo, na barafu hiyo si uzito tu. Inaharibu umbo la bawa mpaka hewa inashindwa kulibeba. Basi buti linavimba, ganda la barafu linapasuka, upepo unalipeperusha. Nilikipenda kitu kile kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha kazi. Niliuliza maswali mpaka watu wakawa wananikimbia kwenye chai.

Ambaye hakunikimbia ni mzee mmoja tuliyemwita Bwana Saini. Yeye ndiye aliyekuwa na leseni. Ndege haikutoka karakana bila jina lake kitabuni, na jina hilo hakuliandika mpaka awe ameinama, ameshika, ameona kwa macho yake. Wenzetu walimtania kwamba hata harusini kwake alikagua pete kwanza ndipo akatia saini. Yeye alikuwa akicheka nao, kisha anainama tena.

Siku ile mgongo ulikuwa umemkamata, hawezi hata kufunga kamba za viatu. Nikaliziba tundu langu la pili kama nilivyofundishwa: nikakwangua kwa msasa, nikapaka gundi, nikazungushia kiraka. Wala sikumwambia mtu. Fundi pancha haombi ruhusa kwa kila tundu. Tundu ni adui, ukilikuta unalimaliza. Tukajaza hewa. Buti likavimba, likanywea, na hapakusikika kitu. Bwana Saini alitega sikio, akatabasamu.

"Halipumui kabisa," alisema. "Wewe binti una masikio ya paka."

Akatia saini akiwa amesimama. Nami nikarudi nyumbani miguu haigusi chini.

Kilichonisumbua asubuhi yake ni umbo. Nilikuwa nanawa mikono karakanani, nikilikumbuka lile tundu kwa raha zangu tu, na kidole kikaniambia: lilikuwa duara. Duara kamili, kingo laini. Kwa miaka yote tisa sikuwahi kuona msumari unaotoboa hivyo. Msumari huchana. Chuma kilichochoka huweka ufa. Tundu la duara lina mwenyewe. Kuna mtu alishika keekee akalitoboa kwa makusudi.

Sasa nani atoboe bomba la hewa, na kwa nini? Niseme kweli, sikuwa na hofu bado. Nilikuwa na hamu ya kujua. Mle ndani mlikuwa na ndege nyingine ya aina ileile, imetolewa injini moja. Nikajilaza chini yake, nikafungua kifuniko kilekile, nikapapasa bomba mpaka pale linapopinda. Tundu lilikuwepo. Mahali palepale, ukubwa uleule. Nikatoa kidole. Kilikuwa kimelowa.

Ndipo nikaelewa: tundu lile ni la kutolea maji. Hewa ina unyevu, unyevu ukipoa ndani ya bomba unakuwa maji, maji yanateremka mpaka pale chini, na tundu linayatoa tone kwa tone. Mimi nimeyafungia. Huko juu yataganda, bomba litazibika, na buti la bawa la kushoto halitavimba hata rubani abonyeze swichi mpaka kidole kiote sugu. Bawa moja safi, jingine limejaa barafu. Na nje, ndege ile niliyoiziba tundu ilikuwa imeshawasha injini, ina abiria kumi na wawili, inakwenda upande wa pili wa milima.

Sijawahi kukimbia vile. Nakumbuka kwamba njiani nilikuwa na akili mbili. Moja inasema kimbia. Nyingine inasema, ukilitamka hili umekwisha, na mzee wa watu umemmaliza, maana saini ni yake. Labda leo hakuna barafu. Labda maji yenyewe ni kidogo. Sasa ni miaka mingi nawafundisha wengine kazi hii, na huwa siwafichi kwamba ile akili ya pili ilikuwa na sauti tamu sana.

Bwana Saini alikuwa kwenye chumba cha chai, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Mzee, nimeziba tundu lililotakiwa kuwa wazi. Bawa la kushoto, kwenye bomba. Lile la kutolea maji."

Hakuniuliza mara mbili. Aliweka kikombe chini, akainuka huku akiguna kwa maumivu, akachukua redio ya mawasiliano.

"Kapteni, rudi."

Rubani alikuwa mama mmoja ambaye kwake kucheleweshwa kulikuwa kama kumtukania wazazi. "Mzee, niko kwenye foleni ya kuruka. Mabuti nimeyajaribu, yote yanavimba. Na kitabu kina saini yako."

"Hakina tena," alisema Bwana Saini. "Nimeiondoa."

Kisha tukasikia mngurumo ukigeuka kuja kwetu.

Abiria waliteremka wakinung'unika. Meneja alikuja mbio, shati limemtoka kwenye suruali. Nilikikata kiraka changu mwenyewe, mbele ya watu wote, na maji yakatoka. Kila nikihadithia kisa hiki natamani niseme yalimwagika. Hayakumwagika. Niliyakinga kwa kifuniko cha chupa, na hakikujaa.

"Haya tu?" meneja alifoka. "Watu kumi na wawili wameshushwa kwa matone haya?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bwana Saini alinipokonya kifuniko, akatafuta kipande cha bomba kuukuu, jembamba vilevile, akakibana ncha moja kwa koleo, akamimina maji yale ndani, kisha akaenda kukisimamisha kwenye friza ya friji letu, katikati ya vyakula vya watu. Sisi tukaendelea kukagua bomba zima, bawa hili na lile. Tulipomaliza alikitoa, akaikata ile ncha aliyoibana, akamkabidhi meneja.

"Puliza, bosi."

Meneja akapuliza. Mashavu yakamjaa, macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuna kilichopita. Hakuna aliyethubutu kucheka ila mimi, na changu kilikuwa kicheko cha woga. Meneja alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, akaondoka nacho mkononi.

Kisha kikaja kitabu. Ilibidi iandikwe kwa nini ndege imerudi. Bwana Saini angeweza kuandika hitilafu ya bomba, basi, na isingekuwa uongo. Akanisukumia kalamu. Nikaandika: Niliziba tundu ambalo sikujua kazi yake, wala sikumwambia mtu. Yeye akaandika chini yangu: Nami nilitia saini bila kuinama. Aliandikiwa barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake yote ya kazi. Majaribio yangu yakaanzishwa upya kutoka mwezi wa kwanza. Kwa wiki mbili nzima hakunisemesha lolote zaidi ya nipe hiki, shika kile, na iliniuma kuliko matusi. Nilimpenda yule mzee, na nilikuwa nimemchafulia jina.

Ila hayo yalikuja baadaye. Siku ileile ndege iliondoka saa sita mchana, tundu likiwa wazi na linapumua kama lilivyoumbwa, na ikarudi jua linapoanza kupoa. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya kuweka vigingi vya kuzuia magurudumu. Rubani akateremka wa mwisho, kofia kwapani. Nilitaka kumkwepa, lakini udadisi wangu haujawahi kuwa na adabu.

"Samahani, Kapteni. Kulikuwa na barafu?"

Akasimama. "Umeshawahi kuiona?"

"Kwenye friji."

Alinishika mkono mpaka kwenye bawa la kushoto, akaweka kiganja chake juu ya mpira. "Ilianzia hapa. Nyeupe, nyembamba. Nikavimbisha, ikapasuka, ikaruka. Nageuka kutazama, imerudi. Nikavimbisha tena."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja." "Mpaka ya nne nilikuwa bado nimekukasirikia."

Hakuuondoa mkono kwenye mpira; aliliegemea bawa kwa uzito wake wote. Nikaenda kumtafutia kiti.