Mgeni Rasmi wa Ngitili

Kosa lilikuwa letu, tena la kujitakia. Mwaka huu ngitili ya kijiji, lile eneo la nyasi tunalolifunga masika ili mifugo ipone kiangazi, ilistawi kuliko kawaida. Mwenyekiti wetu Boaz akavimba kichwa, akamwalika mkubwa wa wilaya aje kuifungua. Mgeni rasmi, utepe, ngoma, spika za kukodi kutoka Kahama. Nilipinga. Nikaambiwa, "Kaa chini, Mzee Ngusa, wewe kila kitu ugomvi."

Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Nyasi zinatutazama, nasi tunazitazama. Martina, mama Limi, ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Kiangazi kikakaza, ikafika mahali asubuhi tunamsaidia kumwinua kwa mkia, njaa imemlaza.

"Mtendaji, tufungulie," alimwambia Davis, kijana aliyeajiriwa na halmashauri kutushikia ofisi ya kijiji.

"Nasubiri maelekezo ya wilayani, mama Limi."

"Ng'ombe wangu anakula maelekezo?"

Nikapita nyumba kwa nyumba mpaka Boaz akaitisha mkutano mkuu. Nikasimama. Nilikuwa mtoto Operesheni Vijiji ilipotuhamisha. Amri ilishuka kutoka juu, nyumba zikabomolewa, ngitili za baba zetu zikabaki bila mwenyewe, zikaliwa mpaka udongo. Hakuna aliyetuuliza, na mimi sijasahau. Tulipozirudisha tulizirudisha wenyewe, kwa kunyoosha mikono kwenye mkutano kama ule.

"Davis," nikasema, "sheria ndogo yetu inasema nani anafungua?"

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Nani anafungua?"

Akakuna kichwa. "Mkutano mkuu wa kijiji."

"Na wilaya?"

"Halmashauri iliidhinisha hiyo sheria. Basi."

"Kumbe kazi yao walishamaliza!" akadakia Martina, watu wakacheka.

Boaz hakucheka. "Jamani, nimealika mtu mzima. Akija akute ng'ombe wameshashiba, uso nitauweka wapi?"

"Mwenyekiti, mwambie aje kufunga," Martina akasema. "Mvua zikianza. Utepe si ule ule?"

"Asipotokea?"

"Tutafunga wenyewe, kama tunavyofungua."

Hapo Boaz naye akacheka, jasho likimtoka. Mikono ikanyooka uwanja mzima, na wa kwake ukiwemo. Tukaondoa miiba langoni. Ng'ombe wa Martina aliingia akiyumba, akainamisha kichwa, hakukiinua mpaka jua lilipozama.

Baadaye, ng'ombe alipoanza kusimama bila sisi, Martina alituita kwake tunywe maziwa. Davis alifika na pikipiki. Alikuwa amewapigia simu wilayani kuwaeleza tulichofanya.

Nikaweka kibuyu chini. Tangu mkutano nilikuwa na hotuba ya kuwajibu hao watu, kali, nimeipanga vizuri. "Haya, wamesema nini?"

"Wameshangaa, mzee. Wameuliza, kwani mlikuwa mnatusubiri sisi?"

Boaz akatazama pembeni. Martina alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na kufunga?" nikauliza.

"Mkubwa anasema atakuja, mkimpangia siku."

Tukimpangia! Miaka yote hii ya kupangiwa. Nikatafuta pa kuishikiza ile hotuba, nikakosa. Nikanyoosha kibuyu, Martina akaniongeza maziwa.