Kijana Asiyemjua

"Filmon, bibi wa koti la buluu, kwenye nyama. Mfuate."

Sauti ya Curtis, meneja wa duka, ilimkwaruza sikioni kupitia redio. Filmon aliuacha mlango aliokuwa akiulinda, akapita kwenye mikate. Hakuhitaji kumtafuta. Alikuwa Bibi Verna.

Kila Jumamosi, katika ukumbi wa mtaa wao pale Winnipeg, Kanada, bibi huyo wa Kianishinabe, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, aliwafundisha vijana wa wahamiaji kushona glavu za ngozi. Siku ya kwanza msichana mmoja wa Kifilipino alimuuliza wawasaidieje wenye nchi. Bibi alikata uzi kwa meno. "Vikombe vimejaa kwenye sinki. Anzeni hapo." Wakacheka, wakaosha. Baadaye ndipo akawasimulia, kidogo kidogo, serikali ilivyomtoa kwa mama yake angali mdogo, akapelekwa shule ambako alichapwa mpaka lugha yake imtoke. Filmon, Mweritrea aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi, alisikiliza huku sindano imesimama mkononi.

Sasa alisimama nyuma yake.

"Unanifuata, mjukuu wangu?"

"Nimetumwa, Bibi."

"Najua. Kila anayevaa koti hilo la mlinzi hutumwa." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Basi tembea karibu. Ukibaki nyuma hivyo watu watadhani nimeiba."

Curtis alikuja mwenyewe.

"Bosi, huyu namfahamu," Filmon alisema kwa sauti ya chini. "Ni mwalimu wangu."

"Ungeniambia mapema. Samahani, mama." Bibi Verna alikwenda kulipa. Curtis akaelekeza kidevu. "Yule wa kofia nyekundu, humjui. Mfuate huyo."

Kijana huyo, mwenyeji wa asili kama Bibi Verna, mwenye nywele ndefu zilizosukwa, alikuwa akichagua maziwa ya mtoto. Filmon hakuwahi kumwona. Huenda angeiba, huenda asingeiba. Alimkumbuka mama yake, anayesafisha hospitali huku goti limevimba. Kazi hii ndiyo iliyompunguzia zamu. Angeweza kumfuata huyu tu, na Jumamosi akaketi kushona kama kawaida.

"Kwa nini yeye, bosi?"

"Unajua kwa nini."

"Sema."

Curtis alielekeza tena kidevu kwenye kofia nyekundu.

Filmon alichomoa redio sikioni. Zipu ya koti la kazi ikakwama, na Curtis akabaki akimtazama anavyohangaika nayo, aibu imewashika wote wawili.

Nje, baridi ilipenya sweta kana kwamba hakuvaa kitu. Bibi Verna alikuwa kwenye kibanda cha kituo cha basi. Alimtazama kifuani, pasipo na koti. Hakumsifu.

"Mama yako atasemaje?"

"Atalia. Halafu atanigombeza."

"Ana haki." Akapakata mfuko wake ili Filmon apate pa kukaa.

Kijana wa kofia nyekundu akatoka dukani, kopo la maziwa mkononi. Alipomwona Filmon, yule mlinzi wa ndani, akakunja uso. Kabla ya kuulizwa neno, alitoa risiti mfukoni, akaikunjua, akaishika wazi mbele yake.

"Sifanyi kazi pale," Filmon alisema.

"Sawa."

Lakini hakuirudisha risiti mfukoni. Alisimama nje ya kibanda, theluji ikimtua mabegani. Filmon alisogea karibu zaidi na Bibi, na mwisho wa benchi ukabaki wazi.