Jumla ya Mikono ya Nyumba ya Tamez

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatano, Eligio Tamez alizima taa ya chumbani bila kutoka kitandani. Swichi iko kando ya mlango. Aliurudisha mkono, akavaa raba, akaenda kukimbia.

Baadaye dada yake, Socorro, alipanda juu ya paa kuanika nguo. Kamba aliifunga mwenyewe, kwa kimo chake, na asubuhi hiyo hakuifikia. Alishuka kuchukua ndoo, akaigeuza, akasimama juu yake, akaanika.

Jioni Don Nicanor, kocha, alimsimamisha Eligio ukutani na kumpima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Bondia aliyekuwa na sentimita 162 sasa alikuwa na 168. Socorro, ambaye huwashonea bukta mabondia wote wa mtaa wa Tepito, aliitwa akapimwa pia. Alikuwa na 156, futi ikasoma 150. Don Nicanor alijumlisha. Jumla ya wawili hao haikubadilika.

"Inauma?" alimuuliza.

"Hapana, Don Nicanor. Ila cherehani imekuwa mbali."

Eligio alikuwa amepoteza mapambano tisa, yote kwa wanaume wenye mikono mirefu kuliko yake. Mizani huuliza kilo. Urefu wa mkono hakuna anayeuuliza. Mtu mrefu na mwembamba na mtu mfupi aliyejaa wanaweza kulingana kwa gramu, na mmoja akampiga mwenzake usiku kucha bila kuguswa. Promota, ambaye kila mtu alimwita Mhandisi, aliwaletea vijana wake warefu watu kama Eligio: jasiri, wafupi, wasioanguka mapema. Kwa wafupi gym ya Don Nicanor ilikuwa na somo moja tu: inama chini ya ngumi, ingia, piga ini. Kwa miaka yote aliyofundisha hakuwahi kuletewa kijana mrefu, hivyo hakuwa na somo la pili.

Pambano la Desemba lilikuwa dhidi ya Urrea, sentimita 174. Mshindi angegombea mkanda wa taifa. Socorro aliomba jambo moja tu.

"Shinda hili, kaka, halafu uache. Mikono iliyobaki inanitosha kushona."

Eligio alikubali. Hakuna aliyejua namna ya kuzuia mikono isihame, na ikaendelea kuhama. Hadi mwisho wa Oktoba yeye alikuwa na 176, dada yake 142. Muuza tamale, zile za unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke, aliyekaa pembeni mwa mtaa alimwomba Eligio ampitishie chumvi kutoka nyumbani kwao, wateja wakacheka, Eligio akaipitisha dirishani.

Bango la pambano huonyesha vipimo, kwa hiyo Don Nicanor alilazimika kumweleza Mhandisi. Mhandisi alisikiliza hadi mwisho. Alisema hakuna kanuni iliyovunjwa. Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba Urrea ameumia ubavu na nafasi yake imechukuliwa na mtu wa jimbo la Sonora, kilo zilezile, sentimita 186.

"Nyumbani mko wangapi?" Mhandisi alimuuliza Eligio mlangoni.

"Mimi, dada na mama."

"Basi akiba mnayo."

Mnamo Novemba Eligio alifika 188 na Socorro 130. Socorro alishona kifua kikiwa kimegusa cherehani, akisukuma kitambaa kwa rula. Bukta za mabondia wengine zilianza kupelekwa kwa fundi mwingine, kwa adabu, kila mteja akiwa na sababu yake. Asubuhi Eligio alimchana nywele akiwa amekaa upande wa pili wa meza. Bukta ya Desemba aliishona Socorro mwenyewe, ya kijani, na ikamkaa kaka yake vizuri.

Katika raundi tano za kwanza mtu wa Sonora hakufika popote. Kila alipokanyaga mbele, mkono wa kushoto wa Eligio ulikuwa umeshafika usoni pake. Majaji wote watatu walimpa Eligio raundi zote tano. Socorro alikuwa safu ya pili na mama yao.

Katika raundi ya sita mtu wa Sonora aliegemea kamba akiwa amechoka, kiwiko kimepanda, ubavu wa kulia uko wazi. Don Nicanor aliona alichokuwa amefundisha maisha yake yote.

"Ingia, mwanangu! Ini!"

Eligio aliinama akaingia. Akiwa ndani hakupata nafasi ya kukunja mikono. Viwiko vyake vilitokeza nyuma kama vya mtu anayesukuma toroli. Mtu wa Sonora alimpiga ngumi moja kutoka chini, kidevuni. Refa alihesabu hadi kumi.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Don Nicanor alikata plasta za mikononi, na kazi hiyo ilichukua muda. Alisema alipaswa kunyamaza. Eligio alimwambia kwamba hata bila kuambiwa angeingia. Socorro aliuliza kama mikono itarudi. Don Nicanor alimpima palepale, kisha akampima Eligio, na hakuna kilichokuwa kimerudi.

Mhandisi alipita kupongeza. Alisema watu wameipenda ile ngumi ya kushoto, na kwamba mwezi wa tatu, huko Monterrey, kuna kijana wa sentimita 194 anayetafuta mpinzani.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mama yao alipanda ngazi za gym. Alivua shali, akampa Socorro amshikie, akasimama ukutani na kunyoosha mikono apimwe.